Kuitazama M83 kutoka Ufukwe wa Mwanza: Galaksi ya Mbali na Nyota Zake Sita Zilizolipuka

Ukitaka kujua siku nzuri ya kutazama galaksi ukiwa Mwanza, anzia mwaloni, wavuvi wanakoegesha mitumbwi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na taa hufanya kazi usiku usio na mwezi. Mbalamwezi ikitanda, dagaa hawakusanyiki, na mitumbwi mingi hubaki imepumzika ufukweni. Nilimwuliza mzee mmoja kule Kayenze: "Shikamoo mzee, giza linaingia lini?" Akajibu, "Marahaba mwanangu, keshokutwa. Na wewe unavua?" Nikamweleza kwamba natafuta nyota za mbali, nazo hazionekani mwezi ukiwaka. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi giza letu ni moja."

Tangu siku hiyo nafuata kalenda ya mwaloni, na mwongozo huu umejengwa juu yake. Tutatafuta kitu kimoja tu, galaksi iitwayo M83, ambamo nyota sita zilionekana zikilipuka kati ya mwaka 1923 na 1983. Vipo vitu vyepesi zaidi kuvipata angani. Nimechagua hiki kwa sababu anga la Mwanza linakifaa kuliko anga la miji mingi yenye vituo vikubwa vya unajimu, yaani sayansi ya nyota, na kwa sababu mtu mwenye darubini ya kawaida anaweza kabisa kuwa wa kwanza kuona mlipuko wa saba.

Unachokitafuta

Galaksi ni mji wa nyota: mabilioni ya nyota, gesi na vumbi, vyote vikizunguka kitovu kimoja. Jua letu limo katika galaksi ya Njia Nyeupe, ule mkanda wa mwanga unaokatiza anga usiku wa giza. M83 ni mji mwingine, uko mbali nasi kwa takriban miaka ya nuru milioni 15. Ni galaksi ya kizongo: imekaa bapa kama sinia, na mikono yake imejikunja kuzunguka kitovu kama mkia wa kinyonga. Uso wake umetuelekea karibu moja kwa moja, ndiyo maana picha zake huonyesha mikono yote bila kufichana.

Nuru utakayoiona ilianza safari miaka milioni 15 iliyopita. Ziwa Victoria linakadiriwa kuwa na umri wa miaka 400,000 hivi. Nuru hiyo ilipoondoka kwake, maji unayoyasikia yakipiga mawe nyuma yako hayakuwepo, na hata bonde la kuyapokea lilikuwa bado.

Aliyeiandika kwanza ni Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille mwaka 1752, akiwa Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa bara letu. Charles Messier aliiingiza katika orodha yake mwaka 1781 akiwa Paris, na ndiko ilikopata jina la M83. Ila Paris iko kaskazini mno. Kule M83 haipandi zaidi ya nyuzi 11 hivi juu ya upeo wa macho, imezama katika ukungu na moshi wa mji, na Messier mwenyewe aliiona kwa shida kubwa. Kwetu, kwenye nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, hupanda mpaka nyuzi 62, theluthi mbili ya njia kutoka upeo hadi utosini. Ukisikia mtu anasema unajimu ni wa nchi za watu, mpe namba hizo mbili.

Nyota sita

Majina yake ni mwaka na herufi: 1923A, 1945B, 1950B, 1957D, 1968L na 1983N. Nyota iliyolipuka namna hii huitwa supanova. Nne za kwanza zilipatikana kwenye picha, na ile ya 1945 ilikaa kimya hadi 1990, William Liller alipoigundua katika picha za zamani zilizokuwa zimehifadhiwa. Ya 1957 bado inatoa miali ya eksirei, ambayo darubini ya anga za juu ya Chandra iliinasa na habari zake zikatangazwa mwaka 2012.

Mbili za mwisho ndizo zinazonigusa zaidi, kwa kuwa zilionwa na watu waliokuwa wameweka jicho kwenye darubini. Julai 1968, Jack Bennett wa Pretoria, mtazama nyota wa ridhaa, alikuwa akiwinda nyotamkia kwa darubini ya lenzi yenye upana wa sentimita 12 na nusu hivi. Alipofika kwenye M83, ambayo aliifahamu vizuri, akakuta nyota ambayo haikuwa ikikaa pale. Hakuhitaji mashine ya kumwambia. Julai 1983, mchungaji wa kanisa nchini Australia, Robert Evans, akafanya vivyo hivyo, naye katika maisha yake aligundua supanova zaidi ya 40 kwa macho, kwa sababu alikuwa amekariri sura za galaksi nyingi mno. Wote wawili, mwezi wa Julai. Kwetu ni kiangazi, na M83 iko juu jioni.

Nyota hulipuka kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni ya nyota nzito, yenye uzito wa Jua mara nane au zaidi. Huunguza mafuta yake kwa pupa, na ndani ya miaka milioni michache hadi makumi ya milioni kitovu chake kimegeuka chuma, kitu kisichoweza kuitolea nishati zaidi. Kitovu hujiporomokea kwa muda usiofika sekunde moja, na tabaka za nje hurushwa mbali. Kinachobaki ni nyota ndogo ya nyutroni au shimo jeusi. Ya pili ni ya kibete cheupe, gofu la nyota iliyokwisha kuzimika, linalopokea vitu kutoka kwa mwenzake mpaka likikaribia mara 1.4 ya uzito wa Jua huripuka lote, kisibaki kitu.

Njia ya kwanza ndiyo itakayokusaidia ukiwa ufukweni. Nyota nzito haziishi muda wa kutosha kwenda mbali na zilikozaliwa, nazo huzaliwa kwenye mikono ya galaksi, yalikojaa mawingu ya gesi. M83 inazaa nyota kwa wingi. Kwa hiyo jicho lako lisigande kitovuni penye mwanga, lizunguke pembeni, kwenye mikono.

Hatua ya kwanza: majira

M83 hufika juu kabisa upande wa kusini kwa nyakati hizi za Mwanza: katikati ya Aprili saa saba usiku, katikati ya Mei saa tano usiku, katikati ya Juni saa tatu usiku. Katikati ya Julai huwa juu tangu jua linapozama, nawe una saa tatu nzuri kabla haijashuka sana magharibi. Kila siku hutangulia kwa dakika nne.

Aprili na Mei mvua za masika bado zinanyesha, kwa hiyo Juni na Julai ndiyo miezi yako. Kuanzia mwishoni mwa Julai mashamba na mapori huchomwa, na moshi hutia anga rangi ya majivu. Mvua ikinyesha hata kidogo katika kipindi hicho, toka usiku huohuo. Anga linakuwa limeoshwa.

Chagua siku za giza: kuanzia siku tano hivi kabla ya mwezi mwandamo hadi siku tano baada yake. Ukikosa kalenda, hesabu taa za dagaa ziwani. Zikijaa kama mji unaoelea, ndio wakati.

Hatua ya pili: mahali

Hapa ndipo wengi hushindwa, na mimi nilishindwa hapa pia. Usiku tatu mfululizo nilisimama juu ya paa la nyumba Kirumba na sikuona chochote, nikadhani darubini ni mbovu. Darubini ilikuwa nzima. Taa za barabarani na za maduka zilikuwa zimelifuta anga.

M83 iko kusini. Hilo linabadilisha hesabu yote, kwa maana mtu wa Mwanza akifikiria giza hufikiria ziwani, na ziwa kwa sehemu kubwa liko kaskazini na magharibi. Unachotaka ni mahali ambapo mji hauko kusini mwako. Ukikaa mwaloni Igombe au Kayenze, mwanga wa jiji unakuja kutoka kusini, upande uleule wa M83. Bado inawezekana kwa sababu galaksi iko juu sana, lakini ufukwe wa Magu au wa Sengerema ni bora zaidi, na Ukerewe, ukitoka nje ya Nansio, ni bora kuliko zote nilizojaribu. Hizo taa za dagaa zisikutie wasiwasi. Zikiwa nyuma yako haziharibu kitu.

Pima giza la mahali kwa kitu kimoja. Upande wa kusini, juu ya Msalaba wa Kusini, kuna nukta yenye ukungu iitwayo Omega Centauri, kundi la nyota milioni kadhaa lililo ndani ya galaksi yetu wenyewe. Ukiiona kwa macho matupu, hapo panatosha. Usipoiona, hama.

Kuhusu mawe. Kila mtu hutamani kupanda juu ya jabali, na Mwanza haina upungufu wa majabali. Lakini jiwe hunywa jua mchana kutwa na kulitema usiku. Hewa ya moto inayopanda kutoka kwenye jiwe hufanya nyota zitetemeke ndani ya darubini kama sarafu chini ya maji. Weka darubini kwenye nyasi au udongo, mita kadhaa kutoka kwenye mawe. Kama huna pengine, subiri mpaka saa nne au tano usiku jiwe lipoe.

Na usalama, ndugu yangu, usiuchukulie wepesi. Viboko hutoka majini usiku kula nyasi, na njia zao za kwenda malishoni hazihami. Waulize wenyeji zinapita wapi na ukae mbali nazo. Usikae ukingoni mwa maji kabisa, penye mamba. Mwambie mwenyekiti wa mtaa au kijiji, na sungusungu wajue mapema kwamba kutakuwa na watu wenye bomba refu na taa nyekundu. Nenda na mwenzako. Ukiona radi ziwani, hata iwe mbali, fungasha. Na wale wadudu wa ziwani wanaopaa kama nguzo za moshi hufuata mwanga, kwa hiyo sababu ya kuzima taa inakuwa mbili.

Hatua ya tatu: chombo

Darubini ya macho mawili yenye alama 10x50 inatosha kuiona M83 kama doa la ukungu. Kwa supanova unahitaji zaidi. Wanajimu hupima mwangaza kwa namba, na namba ikiwa kubwa nyota ni hafifu. Macho matupu huishia 6 hivi. Supanova za 1968 na 1983 zilifika kati ya 11 na 12, yaani nuru yake ni hafifu mara mia na zaidi kuliko nyota ya mwisho unayoweza kuiona kwa jicho. Darubini ya upana wa sentimita 15 inazifikia, ya sentimita 20 inazifikia kwa raha. Ile ya kioo inayokaa kwenye kisanduku cha mbao, iitwayo ya Dobson, ndiyo rahisi kwa ukubwa wake, na fundi seremala wa mtaani anaweza kukutengenezea kisanduku ukishapata kioo.

Ogopa boksi lililoandikwa "inakuza mara 525". Nilinunua moja ya namna hiyo katika duka fulani. Miguu yake ilitikisika kwa upepo mdogo na picha ikawa giza tupu. Kinachokusanya nuru ni upana wa lenzi au kioo, na kwa M83 kukuza mara 50 hadi 100 kunatosha.

Beba pia tochi iliyofungwa kitambaa chekundu, penseli, daftari, kitambaa kikavu cha kufunika lenzi (umande wa ziwani ni mzito baada ya saa sita usiku) na sweta. Watu hawaamini mpaka wapigwe na ule upepo.

Hatua ya nne: njia ya kufika

Zima simu. Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na kutazama kioo cha simu mara moja kunakurudisha mwanzo.

Simama uelekee kusini. Katikati ya Juni saa tatu usiku, karibu na utosi, kidogo kusini, kuna nyota yenye mng'ao wa buluu: Spica, ambayo kwa Kiswahili ni Sumbula. Nyosha mkono, kunja ngumi. Upana wa ngumi ni nyuzi kumi hivi. Shuka kutoka Spica moja kwa moja kuelekea kusini, ngumi moja na zaidi kidogo, utafika kwenye nyota ya wastani iliyo peke yake, Gamma ya kundinyota la Hydra. Sasa tafuta nyota iliyo angavu zaidi chini yake upande wa kushoto, Menkent, bega la kundinyota la Centaurus. Vuta mstari kati ya hizo mbili. M83 iko karibu na katikati ya mstari, imesogea kidogo kulia.

Njia ya kuhakikisha: M83 iko nusu ya safari kati ya Spica na Omega Centauri, kushoto kidogo ya mstari. Njia zote mbili zikikutana mahali pamoja, weka darubini hapo kwa ukuzaji mdogo na uzungushe polepole.

Hatua ya tano: kuona

Utakachoona si picha ya gazeti. Ni ukungu wa mviringo, rangi ya kijivu, wenye kiini kinachong'aa. Watu wengine hukata tamaa hapo, na huwa nasikitika, kwa sababu hapo ndipo kazi inapoanza. Usiitazame moja kwa moja. Elekeza jicho pembeni kidogo, kwa kuwa sehemu ya pembeni ya jicho huhisi mwanga hafifu vizuri kuliko ya katikati. Gusa bomba la darubini kidogo litikisike, jicho hunasa kinachosogea. Baada ya dakika kumi, mhimili unaopita kitovuni utaanza kujitenga na ukungu. Kwa sentimita 20 na anga la Ukerewe, nimeona mkono mmoja ukijikunja. Sikuuona usiku wa kwanza wala wa pili.

Hatua ya sita: jifunze uso wake

Chora duara kubwa kwenye daftari. Weka kiini katikati. Kisha weka kila nyota unayoiona ndani na kandokando ya ukungu, kwa nukta kubwa au ndogo kulingana na mwangaza. Nyota hizo si za M83. Ni za galaksi yetu, zimesimama mbele yake kama matone kwenye kioo cha dirisha, nazo hazibadiliki. Mchoro wa kwanza utakuwa mbaya. Chora usiku unaofuata bila kutazama wa jana, halafu linganisha. Ukifikia michoro sita au saba, utakuwa unaijua kama unavyojua sura ya jirani, na nyota ngeni haitakupita. Bennett na Evans hawakuwa na siri zaidi ya hiyo.

Kama una simu ya kushikiza kwenye darubini au kamera, piga picha pia na uzitunze kwa tarehe. Ila usiache kuchora. Mkono unakumbuka kuliko kadi.

Supanova haikai usiku mmoja. Ya kibete cheupe hupanda kwa wiki mbili hadi tatu kabla ya kuanza kufifia, na aina moja ya zile za nyota nzito hushikilia mwangaza wake kwa siku mia hivi. Ukitazama mara mbili au tatu katika kila giza, utakuwa unalinda mlango vya kutosha.

Hatua ya saba: ukiona nyota ngeni

Kwanza tulia. Sogeza darubini kidogo. Kama ile nukta inahama peke yake ndani ya bomba, ni mwanga ulioakisiwa na lenzi. Badilisha lenzi ya jicho na utazame tena. Subiri saa moja au mbili: ikihama kati ya nyota nyingine, ni asteroidi, jiwe la angani linalozunguka Jua, inayopita. Ikikaa palepale, linganisha na picha ya zamani yenye nyota hafifu kuliko unazozichora wewe, kwa maana huenda ni nyota ya siku zote ambayo hukuwahi kuiona. Kisha angalia kama imekwisha kuandikwa katika Transient Name Server, daftari la dunia la nyota zinazotokea ghafla. Mwombe mtu mwingine, mwenye darubini nyingine, atazame bila kumwambia iko upande gani. Akikuonyesha palepale, toa taarifa usiku huohuo.

Ukiwa na hamu ya zaidi, hamia galaksi nyingine, M61, katika kundinyota la Mashuke. Iko mbali mara tatu na zaidi, miaka ya nuru milioni 52 hivi, na ni ndogo na hafifu, lakini hupita karibu na utosi wetu kabisa, na supanova nane zimeandikwa ndani yake, ya kwanza 1926 na ya nane 2020. Huko asteroidi ni nyingi, kwa hiyo jaribio la saa mbili lisirukwe.

Hatua ya nane: daftari

Kila usiku uliotazama, andika tarehe, saa, mahali, hali ya anga, upana wa darubini, na nyota hafifu kuliko zote uliyoiona. Halafu andika ulichokiona. Mara nyingi itakuwa maneno mawili: hakuna kipya. Usiyaache. Siku mlipuko utakapoonekana, wanajimu wote watauliza jambo moja: mara ya mwisho kutazamwa na isiwepo ni lini? Jibu ndilo linalowasaidia kukadiria nyota ililipuka lini, na ilikuwa na ukubwa gani kabla ya kufa. Huenda wengine walikuwa na mawingu usiku huo. Huenda ukurasa pekee duniani wenye jibu ni wako, umeandikwa kwa penseli, na unyevu wa ziwa umeukunja pembeni: Ukerewe, saa tatu na robo usiku, anga safi, hakuna kipya.